Kuandika Makala ya Anga za Juu Inayostahili Tuzo

Mwaka 2000, kwenye kongamano la satelaiti ndogo ambalo Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah huko Marekani huliandaa kila mwaka, iliwasilishwa makala iliyoeleza satelaiti ya umbo la mchemraba, sentimita 10 kila upande. Miongoni mwa waandishi wake walikuwemo Jordi Puig-Suari wa chuo cha Cal Poly na Bob Twiggs wa Stanford, waliobuni wazo hilo mwaka mmoja kabla. Hoja yao ilieleweka upesi: vipimo vikiwa sawa kwa wote, chuo chochote kinaweza kujenga satelaiti yake, na satelaiti za vyuo mbalimbali zikapanda roketi moja ndani ya sanduku moja la kuziachilia. Za kwanza za aina hiyo, ziitwazo CubeSat, zilirushwa Juni 2003. Tangu hapo zimeruka zaidi ya elfu mbili. Imo 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu Mei 2018. Imo RwaSat-1 ya Rwanda ya mwaka 2019. Imo pia PearlAfricaSat-1 ya Uganda ya mwaka 2022.

Ninaanza na makala hiyo kwa sababu vijana wengi wanaotamani tuzo za makala bora hudhani kwamba majaji wanatafuta hesabu ngumu, istilahi nzito au michoro ya kuvutia. Sivyo. Jaji anatafuta jambo ambalo mhandisi asiyekujua, aliye nchi ya mbali, anaweza kulichukua kutoka kwenye makala yako akalitumia katika kazi yake. Ushauri wote utakaousoma hapa chini unatokana na kigezo hicho kimoja.

Chagua uwanja wako

Tuzo ni nyingi na kila moja ina walengwa wake, kwa hiyo amua unagombea wapi kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Kongamano kubwa ni International Astronautical Congress, IAC, linaloandaliwa na shirikisho la kimataifa la IAF lililoanzishwa mwaka 1951. Kila mwaka huhamia mji mwingine. Mwaka 2011 lilifika Cape Town, mara yake ya kwanza barani Afrika, na kwa mwaka 2026 limepangiwa Antalya, Uturuki. Ndani yake kuna mashindano ya wanafunzi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hugombea medali yenye jina la Pierre Contensou, wa shahada za juu hugombea ya Hermann Oberth, na timu hugombea tuzo ya Hans von Muldau. Mtafiti ambaye hajafikisha miaka 30 anaweza pia kufikiriwa kwa tuzo ya Luigi G. Napolitano, wanayopewa wanasayansi vijana waliotoa mchango katika fani na kuuwasilisha kwa makala kongamanoni.

Habari ya huyo Oberth inafaa ikumbukwe na kila mwanafunzi aliyerudishiwa kazi na msimamizi wake. Tasnifu yake kuhusu roketi ilikataliwa na chuo. Akaichapisha kama kitabu mwaka 1923, na kitabu hicho kikawa miongoni mwa misingi ya utafiti wa roketi Ulaya. Leo wanafunzi wa shahada za juu wanashindania medali yenye jina la mtu ambaye tasnifu yake ilikataliwa.

Kongamano la Utah lina shindano la wanafunzi lenye jina la Frank J. Redd, na linawafaa hasa wale wanaojenga vyombo kwa mikono yao. Aerospace Conference ya jumuiya ya wahandisi ya IEEE hufanyika kila Machi katika milima ya Montana, na huko wahakiki husoma makala nzima kabla ya kuikubali. Ukitaka kukosolewa kwa kina, peleka huko. Japani kuna kongamano la ISTS, lililoanza mwaka 1959, na kuna shindano la Mission Idea Contest la mtandao wa vyuo wa UNISEC. Hilo la mwisho linahitaji wazo la misheni lililofanyiwa hesabu zake zote, hata kama satelaiti yenyewe haijajengwa. Kwa chuo kisicho na maabara kubwa, mimi ningeanzia hapo.

Ukishachagua, soma kanuni za shindano neno kwa neno, tena zile za mwaka huo huo, kwa maana hubadilika. Katika IAC, vikao vya wanafunzi hutenganisha makala za mwandishi mmoja au wawili na kazi za timu. Ukijaza majina matano kwenye kikao cha watu binafsi umejitoa mwenyewe kabla hata ya kusomwa. Angalia pia sharti kwamba kazi iwe mpya: makala iliyokwisha kuwasilishwa kwingine haipokelewi, hata ukiibadilishia kichwa.

Swali lako linatoka hapo ulipo

Kosa kubwa ninaloliona katika makala za vijana wa kwetu ni kuchagua swali ambalo maabara tajiri za Ulaya na Marekani tayari zinalishughulikia kwa vifaa ambavyo wewe huna. Ukiandika kuhusu injini ya ioni bila kuwa na chumba cha ombwe cha kuijaribia, utabaki na hesabu za kompyuta zikishindana na vipimo halisi vya wenzako. Tafuta swali ambalo mahali ulipo pamekupa nafasi ya kulijibu kuliko mtu mwingine.

Chukua mfano wa Ngomeni, karibu na Malindi, kwenye kituo cha Luigi Broglio. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitaliano walirusha roketi kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu za kifizikia. Ni nyuzi kama tatu tu kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa Dunia huipa roketi msukumo wa ziada kuelekea mashariki. Tena satelaiti inayozunguka karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako mionzi huvuruga vihisi.

Jiografia hiyo ndiyo mtaji wako hata leo. Satelaiti inayopita juu ya ncha za Dunia huonekana na kituo cha Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norwe, katika takriban kila mzunguko wake, yaani mara 14 hivi kwa siku. Kituo kilicho Nairobi, Dodoma au Kigali huiona mara chache tu, na kila pito ni la dakika kadhaa. Je, dakika hizo zitumike vipi ili data muhimu ishuke kwanza? Mvua za masika zinapunguza nguvu ya mawimbi kwa kiasi gani katika masafa mnayotumia? Chumvi na unyevu wa Mombasa au Tanga vinafanya nini kwa viungio vya antena baada ya mwaka mmoja? Mawingu ya nyanda za juu yanayaficha mashamba ya chai na kahawa kwa muda gani wakati wa mvua, na picha za rada zinaziba pengo hilo kwa usahihi gani ukizilinganisha na vipimo vya shambani? Haya yote ni maswali ya kiufundi, yanapimika kwa vifaa vya bei nafuu, na kuna watu wanaosubiri majibu yake kuanzia Indonesia hadi Brazili, kwa kuwa nchi za ikweta zina shida zinazofanana. Kwa swali la picha, taasisi kama RCMRD ya Nairobi, kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975, inafaa kufuatwa mapema kwa ushauri.

Kushindwa nako ni mada. Michael Swartwout wa Chuo Kikuu cha Saint Louis amejijengea heshima kwa kukusanya kumbukumbu za satelaiti za CubeSat, zikiwemo zile zilizokufa, na kuuliza zilikufa kwa nini. Kazi yake ilionyesha kwamba satelaiti nyingi za vyuo vinavyoanza zilishindwa mapema mno, baadhi bila hata kusikika, na kwamba tatizo mara nyingi lilikuwa ni kukosa muda wa kuijaribu satelaiti nzima ikiwa imeunganishwa tayari kwa safari. Matokeo hayo yamewasaidia wajenzi wengi kuliko makala kadhaa za mafanikio. Kwa hiyo, kama satelaiti yenu ilinyamaza, au puto lenu la majaribio lilipotea na data yake, usizike habari hiyo. Eleza mlichokipima kabla, dalili zilizoonekana, sababu mlizoziondoa moja moja hadi mkabaki na ile inayowezekana zaidi, na mngefanya nini tofauti. Makala ya namna hiyo ikiandikwa kwa ukweli, jaji huisoma hadi mwisho.

Ukishapata swali, lieleze kwa Kiswahili kwa mwenzako asiye wa fani hiyo, kwa dakika mbili, bila karatasi. Makala yenyewe utaiandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya makongamano haya, lakini kama hujaweza kulieleza swali kwa lugha unayoimiliki, Kiingereza hakitakuokoa. Kisha tafuta waliokutangulia. Makala za kongamano la Utah zinasomwa bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo hicho, na ripoti za NASA zinapatikana bure kwenye hifadhi yake ya kitaalamu. Hakuna kisingizio cha kutojua kwamba jambo lako lilishafanywa.

Ikisiri ndiyo mlango

Kwa kawaida IAC hupokea ikisiri mwanzoni mwa mwaka, nalo kongamano hufanyika Septemba au Oktoba. Ikisiri haizidi maneno 400, haina michoro, haina majedwali wala kanuni za hesabu. Wanaoisoma wana mamia ya nyingine mbele yao. Wanataka kuona lengo, njia uliyotumia, matokeo na hitimisho, pamoja na uhakika kwamba kazi ni mpya na kwamba utafika kuiwasilisha.

Ikisiri inayoanza kwa kusema kwamba makala itajadili umuhimu wa satelaiti ndogo kwa maendeleo ya Afrika imekwisha kuanguka. Hakuna anayebisha umuhimu huo, kwa hiyo hujasema kitu. Linganisha na hii: tulipokea mawimbi ya satelaiti fulani kwa miezi kadhaa kutoka kituo kilicho karibu na ikweta, tukalinganisha mapito ya siku za mvua na ya siku za jua kwa kila pembe ya antena, tukakuta upotevu unazidi ule unaotabiriwa na modeli ya kawaida kwa kiasi hiki, kwa hiyo tunapendekeza akiba hii ya nguvu kwa vituo vya ukanda huu. Hapo jaji amepata kazi, kipimo, matokeo na faida. Tumia wakati uliopita kila unapoweza, kwa maana kazi iliyokwisha kufanywa huaminika kuliko ahadi. Kama matokeo bado hayajakamilika siku ya kutuma, sema uliyo nayo na taja yatakayokamilika kabla ya kongamano.

Namba, na jinsi ya kuzisema

Hapa ndipo medali hupatikana au kupotea, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi.

Tuseme umeandika kwamba betri ya satelaiti yenu ilifanya kazi vizuri katika majaribio. Jaji atauliza mara moja: mliichaji na kuimaliza mara ngapi? Satelaiti iliyo kilomita 500 juu ya Dunia hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban dakika 95. Kwa siku ni mizunguko 15, na katika mizunguko mingi ya namna hiyo inaingia kivulini na kutoka. Kwa mwaka mmoja betri inaweza kuchajiwa na kutumika zaidi ya mara 5,000. Ukiwa umeijaribu mara 50, umepima siku tatu tu za maisha yake. Hilo si aibu ukilisema wazi. Andika kwamba mlijaribu mara 50, katika halijoto hii na hii, uwezo wa betri ukapungua kwa asilimia hii, na kwamba matokeo hayatoshi kukisia mwaka mzima. Msomaji atakuamini katika mengine yote.

Fanya hivyo kwa kila dai. Kila namba iwe na kipimo chake, idadi ya majaribio, kiasi inachoweza kukosea, na kitu cha kuilinganisha nacho. Tuseme programu yenu ya kuelekeza satelaiti ina usahihi wa nyuzi mbili: je, njia ya kawaida ingetoa ngapi kwa vihisi hivyo hivyo? Tenganisha waziwazi kilichopimwa kwenye kifaa halisi na kilichohesabiwa na kompyuta. Kuvichanganya ni dosari ambayo jaji mzoefu haisamehe. Eleza vifaa kwa majina na namba zake ili mwingine aweze kurudia jaribio. Na grafu iweke pale tu inapojibu swali: mistari michache, majina ya mihimili yanayosomeka, na maelezo chini yake yanayosema msomaji aone nini.

Halafu mkabidhi mtu mmoja makala nzima na umwombe aitafutie udhaifu. Asiwe rafiki wa kusifu. Mhadhiri mkali wa idara nyingine anafaa zaidi.

Kuna jambo la uaminifu pia. Mashindano ya wanafunzi yanataka kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Msimamizi atajwe kwa mchango wake halisi, na kila aliyeshika kifaa cha kulehemu au kuandika programu atambuliwe. Kama mlitumia data ya shirika au ya mpango wa nchi kadhaa, pateni ruhusa ya kuichapisha kwa maandishi, mapema. Vibali vya utafiti vya COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya navyo vishughulikieni kabla ya kuanza kupima, siyo baada.

Siku ya kuwasilisha

Katika shindano la wanafunzi la IAC, majaji hupima makala na uwasilishaji pia. Utapewa dakika 10 hadi 15 hivi, na mwenyekiti wa kikao hatakuongezea. Anza na swali na jibu lake, kisha rudi nyuma uonyeshe ulivyolifikia. Historia ya chuo, picha ya jengo la utawala na ramani ya nchi yako waachie wanaotaka kuuliza baadaye. Ongea polepole, kwa kuwa kwa wengi ukumbini, majaji wakiwemo, Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Maswali ndiyo mtihani wenyewe. Jiandalie slaidi za akiba kwa yale unayoyatarajia. Ukiulizwa usilolipima, sema hukulipima, na useme ungelipima vipi. Jibu hilo hupata alama. Kubahatisha mbele ya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini hukupotezea hata zile ulizokuwa nazo.

Nauli, viza, na baada ya hapo

Makala nzuri nyingi za Waafrika hufia hapa. Makongamano mengi yana kanuni kwamba asiyewasilisha makala yake huondolewa kwenye kumbukumbu, na AIAA, chama cha wataalamu wa anga cha Marekani, imeiweka kanuni hiyo kwa pande zote mbili: bila makala hakuna jukwaa, na bila jukwaa hakuna makala. Kwa hiyo tafuta fedha siku ile ile unayotuma ikisiri. IAF ina ruzuku ya viongozi vijana wa anga za juu, Emerging Space Leaders, kwa wenye miaka 21 hadi 35, na maombi yake ni tofauti na ikisiri. Umoja wa Mataifa na IAF huandaa warsha kabla ya kongamano na hugharimia baadhi ya washiriki kutoka nchi zinazoendelea. Omba zote mbili. Barua ya mwaliko ya viza iombe mara tu unapokubaliwa, maana miadi ya ubalozi inaweza kuchukua miezi.

Usiposhinda, waombe wahakiki maoni, rekebisha, na upeleke makala kwenye jarida. Acta Astronautica, jarida la akademia ya kimataifa ya anga za juu, IAA, huchapisha makala teule kutoka IAC, na makala ya jarida itasomwa na wengi kuliko waliokuwa ukumbini. Ukishinda, fanya vivyo hivyo, kisha weka data yako mahali wengine wataipata.

Kama una vipimo vilivyolala kwenye kompyuta ya maabara tangu mwaka jana, viangalie wiki hii. Andika maneno 400 juu yake, mpe mhadhiri wako mkali ayakosoe, na uyatume kabla mlango haujafungwa. Wahandisi wa nchi nyingine za ikweta wanavihitaji vipimo hivyo.